Sonic Youth: magitaa yao yalituniwaje, na nianze na albamu ipi?

Nyuzi Sita
Wakuu, naomba msaada. Najaribu kupiga "Teen Age Riot" ya Sonic Youth, bendi ya roki ya New York, kwa tuni ya kawaida na haikubali kabisa, kila kodi (chord) inatoa wimbo mwingine. Wale jamaa walikuwa wanatuni vipi? Halafu nikimaliza Daydream Nation, albamu yenye wimbo huo, niende wapi? Kuna wanaosema walipoingia lebo kubwa ndipo walipokwisha.

Freti Tupu
Haiwezi kukubali, haikutungwa kwenye tuni ya kawaida. Wapiga gitaa wao wawili, kuanzia uzi mnene: Thurston Moore alipiga G A B D E G, na Lee Ranaldo G G D D G G. Anza na ya Ranaldo. Noti ni mbili tu, na ndani yake ndimo unamoisikia shule ya mtunzi Glenn Branca, ambaye wote wawili waliwahi kupiga kwenye makundi yake ya magitaa.

Usitumie seti ya kawaida ya 010 hadi 046 (unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu za inchi). Ukipandisha uzi wa sita kutoka E hadi G, nusu toni tatu, mkazo wake unaongezeka kwa asilimia 41 hivi. Uzi wa kwanza nao, ukiushusha nusu toni tisa hadi G ya chini, unabakiwa na kama asilimia 35 ya mkazo wake: unalegea, unagonga freti, na ukiubonyeza kwa nguvu kidogo tu noti inapanda. Panga nyuzi kwa jozi, noti ileile kwa unene uleule: 038 mbili kwa G za chini, 026 mbili kwa D, 017 mbili kwa G za juu.

Hapo watu wengi hukwamia kwenye kile kijidaraja cha juu, nyuzi zinapoingilia shingo. Mfereji wa tatu ulichongwa kwa uzi wa 017, kwa hiyo 026 haishuki, inakaa juu na kuharibu noti za freti za kwanza. Upanue kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, kwa upana tu. Ukichimba chini, uzi utaanza kuvuma ukiwa wazi na utalazimika kununua kijidaraja kipya. Fanya hivyohivyo kwa wa kwanza na wa pili.

Kutuni: weka uzi mmoja wa kila jozi kwa mashine ya kupimia noti, wa pili kwa sikio. Nyuzi mbili zikitofautiana kwa hezi 1 utasikia sauti ikivimba na kunywea mara moja kila sekunde. Usiue huo mtikisiko wote, ndio unaofanya magitaa mawili yasikike kama manne.

Na usibadilishe tuni katikati ya shoo, nyuzi hazitulii. Wao walitenga gitaa kwa kila tuni, na mwanzoni yalikuwa magitaa ya bei chee ambayo tuni ya kawaida ilikuwa inayashinda hata hivyo.

Kanda Chakavu
Freti Tupu kamaliza ya gitaa. Mimi nijibu la albamu.

Bendi ilianza New York 1981, na kwa miaka ya mwanzo tatizo lilikuwa kiti cha dramu: Richard Edson, Jim Sclavunos, Bob Bert. Steve Shelley alipoingia 1985 wakapata mtu wa kushikilia mwendo wakati magitaa yanapotea njia. Ndiyo maana nakwambia rudi nyuma kwanza: EVOL (1986), kisha Sister (1987), zote za SST, lebo ya Greg Ginn wa bendi ya punk Black Flag. Sikiliza dramu za Sister halafu uweke Confusion Is Sex ya 1983. Utadhani ni bendi mbili.

Daydream Nation ilirekodiwa 1988 katika studio ya Greene Street na Nick Sansano, fundi aliyekuwa amefanya kazi na kundi la rap la Public Enemy. Marekani ilitoka kupitia lebo ndogo ya Enigma, ambayo haikudumu baada ya hapo. Wanaolalamika kuhusu Geffen, lebo kubwa waliyoingia baadaye, husahau hilo: lebo ndogo nazo zilikuwa zinafilisika na kuacha albamu hazipatikani madukani.

Goo (1990) na Dirty (1992) ni za Geffen na zinasikilizika vizuri tu. Halafu pesa za ziara ya Lollapalooza ya 1995 zikaingia kwenye studio yao wenyewe, na kuanzia 1997 wakawa wanatoa majaribio yao kupitia SYR, lebo yao. Za lebo kubwa huku, za fujo kule. Kwangu huo ndio ujanja uliowafikisha 2011, walipoachana, siyo kipaji peke yake. Kama una muda wa moja tu kati ya za mwishoni, chukua Murray Street (2002), enzi ambazo Jim O'Rourke alikuwa mwanabendi. NYC Ghosts & Flowers (2000) iache kwanza: vifaa vyao viliibwa California Julai 1999, pamoja na magitaa ya tuni maalumu, wakabaki na nyimbo za zamani wasizoweza kuzipiga sawasawa. Ile albamu ilitoka kwenye pengo hilo, na pengo linasikika.

Daraja la Tatu
Nyongeza ndogo. Ukitaka ule mlio wa kengele, pitisha kijiti cha dramu chini ya nyuzi, juu ya freti. Kwenye freti ya 12 pande zote mbili zinatoa noti moja. Kwenye ya 7 uzi unagawanyika theluthi moja kwa mbili, kwa hiyo upande mfupi uko oktava moja juu ya mrefu. Ukikiweka pengine ovyo utapata kelele, ambayo nayo wakati mwingine ndiyo unayoitaka. Kama gitaa lako ni Jazzmaster, nyuzi nyembamba zitaruka kutoka kwenye daraja ukizipiga kwa nguvu, maana haziinamii vya kutosha nyuma yake. Hizo 017 zitasaidia. Zikiendelea kuruka, weka daraja la gitaa la Mustang, mifereji yake ina kina zaidi.

Nyuzi Sita
Mkuu Freti Tupu, na tuni ya Moore? Hizo jozi hazipo tena.

Freti Tupu
Hapo kila uzi unajitegemea. Usibahatishe: amua kwanza kila noti iko oktava gani, ndipo ununue nyuzi mojamoja. Uzi ukishuka zaidi ya nusu toni nne, nunua mnene zaidi. Ukipanda zaidi ya mbili, mwembamba.