Dakika za simu nimezilipia, kwa nini zinachukuliwa usiku? Sisi wa Mtwara wenye wazazi vijijini tunaonewa

Wakuu, salaam. Nipo Mtwara mjini, Chikongola. Uzi ni mrefu na nina hasira, anayetaka mafupi apite.

Kila nikilalamikia gharama za kupiga simu napewa jibu moja: "Si upige WhatsApp?" Kijana wa kibanda cha vocha ananijibu hivyo, shemeji yangu aliyeko Dar ananijibu hivyo, na safari hii hata dada wa huduma kwa wateja kanijibu hivyo hivyo. Sasa nauliza mbele ya watu: nimpigie nani hiyo WhatsApp? Mama yangu anaishi kijijini, Tandahimba. Ana kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Macho yanamsumbua, simu ikiita anabonyeza kitufe cha kijani, akimaliza anabonyeza chekundu, basi. Chaji inakaa siku kadhaa, na ikiisha jirani mwenye sola anamchajia. Simu hiyo inamtosha na wala sitaki kumbadilishia. Ugomvi wangu ni na wanaotuuzia dakika za kumpigia.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Nilinunua kifurushi cha wiki cha kampuni moja ya simu, sitaitaja. Mama yuko mtandao mwingine, kwa sababu kijijini kwao huo ndio wenye mnara unaoeleweka. Kwa hiyo dakika za ndani ya mtandao, zile nyingi wanazoziandika kwa herufi kubwa, hazinisaidii lolote kwake. Ninachokitaka pale ni dakika za mitandao yote, ambazo ni chache, na ndizo nilizokuwa nazitunza. Nikawa nampigia kwa kifupi tu ili zifike mwisho wa wiki.

Usiku mmoja presha ikampanda, wakamkimbiza hospitali. Mdogo wangu alikuwa naye, akawa ananisomea dawa alizoandikiwa, nami naandika kwenye karatasi, kwa sababu baadhi ilibidi zitafutwe huku mjini. Katikati ya maneno simu ikakatika. Ukaja ujumbe: muda wa kifurushi chako umekwisha. Dakika zilikuwepo, wakuu! Zaidi ya nusu zilikuwa hazijaguswa. Kilichokwisha ni muda walioupanga wao. Salio la kawaida sina, vibanda vimefungwa. Nikajaribu kununua kingine kwa pesa ya kwenye simu, menyu ikaandika kwamba ombi halikufanikiwa, na pesa ikakatwa. Nimekaa na karatasi yenye majina ya dawa nusu mpaka mdogo wangu alipoazima simu ya muuguzi akanipigia yeye. Mungu ambariki yule muuguzi.

Asubuhi nikapiga huduma kwa wateja. Bonyeza moja, bonyeza tatu, subiri, muziki, matangazo ya vifurushi vipya. Hatimaye dada akaniambia pesa iliyokatwa itarudi, ila dakika zilizobaki hazirudishwi "kwa mujibu wa vigezo na masharti". Akamalizia kwa kunishauri nitumie WhatsApp ili kupunguza gharama.

Jamani! Ukinunua kilo mbili za mchele sokoni ukapika moja, muuzaji haji kukugongea usiku kuichukua ile iliyobaki eti wiki imekwisha. Dakika nimezilipa zote. VAT nimelipa juu ya zote, na ushuru wa bidhaa umo humo humo. Kodi ya dakika ambazo sikuzitumia ilichukuliwa na haikurudi. Kwa hiyo mimi nimetoa pesa kamili, serikali imepata yake kamili, kampuni imepata yake kamili, aliyepunjwa ni mmoja tu.

Na msiniambie kupiga mtandao mwingine ni ghali kwao. Mitandao inalipana ada kila simu inapovuka kutoka huu kwenda ule, na ada hiyo inapangwa na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Mwaka 2018 ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, ikapangwa ishuke kila mwaka mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Shilingi mbili! Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya kampuni ya mama yangu mwaka huo kwa dakika nzima ya mimi kumjulia hali. Basi kwa nini dakika za mitandao yote bado zinapimwa kwa kijiko wakati za ndani wanazimwaga? Kwa sababu wanataka ukoo mzima uhamie kwao, hakuna sababu nyingine ninayoiona. Na kuhama mtandao ukabaki na namba yako ile ile inaruhusiwa tangu Machi 2017. Ruhusa hiyo inamfaa mtu wa Masaki, Dar, mwenye minara ya kila kampuni juu ya kichwa. Mama akihamia mtandao wangu atapata simu pale juu kwenye mwembe tu.

Najua kuna atakayesema vipo vifurushi visivyoisha muda. Vipo. Linganisha dakika unazopata humo na za kifurushi cha wiki kwa pesa ile ile, utaona kwamba haki ya kutonyang'anywa nayo inauzwa.

Sasa hiyo WhatsApp. Simtukani mtu anayeitumia, mimi mwenyewe naitumia kila siku. Mwanangu yuko chuo Dodoma, tunaongea kwa intaneti na bei haina mfano: mazungumzo ya sauti tu hayali hata MB moja kwa dakika, na mara nyingi ni chini ya hapo. Ukiwasha video ndiyo bando linakimbia. Kwa watu wawili wenye simujanja na 4G safi, intaneti ndiyo njia, sina ubishi. Ila toka mjini, panda kuelekea Newala au Nanyamba, uone alama ya juu ya simu inavyoshuka mpaka ile E, intaneti ya kujikokota. Hapo sauti inakuja vipande vipande. Watu wanauliza, mbona video ya YouTube inacheza? Inacheza kwa sababu inapakua mbele kabla hujaiangalia, ikichelewa kidogo hujui. Mazungumzo hayawezi kupakuliwa mbele, neno halijasemwa bado! Kipande cha sauti kikichelewa njiani programu inakitupa, ndiyo maana unasikia "ma... ameku... ospitali". Kitochi chenyewe kinatumia 2G, mtandao wa zamani, na masafa ya megahezi 900 yanayotumika huko yanafika mbali kuliko yale ya juu. Ndiyo maana bibi shambani kwenye mikorosho anapatikana wakati mjukuu wake mwenye simu ya laki tano ananyoosha mkono hewani.

(Walio karibu na Mto Ruvuma wana lao pia: simu inarukia mnara wa Msumbiji, unakatwa kwa bei za ugenini. Nendeni kwenye mipangilio mchague mtandao wenyewe, msiiachie simu ichague.)

Nina mdogo wangu mwingine Dubai, kazi ya ulinzi. Kule kupiga simu za WhatsApp kumezuiwa, ujumbe unaenda lakini sauti haiendi. Wanatumia BOTIM, programu ya kupiga kwa intaneti inayoruhusiwa kule, na ili muongee bure lazima na huku mtu awe nayo. Mama ataiweka wapi BOTIM kwenye kitochi? Zamani Skype ilimwezesha mtu kupiga kutoka kwenye intaneti kwenda namba ya kawaida kwa bei nafuu, nayo ikafungwa Mei 2025. Zipo programu nyingine za kulipia zinazofanya kazi hiyo, lakini kwa kawaida unahitaji kadi ya benki ya kununulia salio, na wengi hawana. Matokeo yake mdogo wangu anampigia mama kwa simu ya kimataifa, kwa mshahara ule, dakika chache za salamu na kuulizana kama salfa ya korosho imefika.

Tena intaneti ni kitu cha kuzimika. Mei 2024 hapa Kusini tulionja. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kikaingia, mafuriko yakabomoa barabara ya Kilwa pale Somanga, mabasi ya Dar yakakwama. Hatujatulia, tarehe 12 nyaya za baharini zikapata hitilafu kusini huko, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Barabara hakuna, intaneti hakuna. Mliokuwa Lindi na Kilwa mnakumbuka mlijuaje kama ndugu zenu wamefika? Kwa simu ya kawaida ya dakika! Na Oktoba 29, 2025 intaneti ilipozimwa, aliyekuwa ametegemea WhatsApp peke yake alibaki kimya. Hata 112 ya polisi huipigi kwa WhatsApp.

Wazee wa humu watasema turudi kwenye simu ya mezani. Naiheshimu. Ile ya waya wa shaba ilikuwa inapata umeme wake kutoka kituo cha simu, volti 48 kwenye waya ule ule, kwa hiyo giza likiingia bado unapiga. Kwa mji wetu ambao gesi ya Mnazi Bay inapita chini ya miguu yetu kwenda Dar na taa bado zinakatika, hilo ni jambo kubwa. Duka, zahanati, ofisi ya chama cha msingi cha wakulima, nawashauri wawe na namba ya mezani, ya 023, inayojulikana na isiyobadilika kila afisa anapohamishwa. Lakini kwa familia, hapana. Simu ya mezani inakaa nyumbani, na watu wetu msimu mzima wako shambani au ghalani. Na inayoletwa kwa faiba inategemea kiboksi cha umeme ukutani, taa zikikatika na simu imekatika, labda uweke betri. Kijijini kwa mama waya wenyewe haujawahi kufika.

Kwa hiyo chaguo tunaloambiwa tunalo, hatuna. Wa chuo nampigia kwa intaneti, wa Dubai kwa BOTIM, na mama kwa dakika, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kusikia sauti yake. Na hizo dakika ndizo zinazonyofolewa. Anayeumizwa na kifurushi kuisha muda ni mwenye mzazi wa kitochi, mwenye mtoto aliyeachwa kwa bibi, mkulima anayesubiri kuambiwa kama mnada wa korosho umefanyika. Mwenye simujanja wa mjini ana pa kukimbilia.

Serikali inalipa ruzuku minara ijengwe vijijini. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Nashukuru kwa hilo, kwa moyo wangu wote. Lakini mnara uliojengwa kwa msaada wa kodi yangu ukitumika kuniuzia dakika zinazokufa kabla sijazitumia, nina haki ya kuuliza.

Na kelele zinasaidia. Aprili 2, 2021 vifurushi vipya vilipoanza na bei zikapanda, wananchi walipiga kelele siku hiyo hiyo na vya zamani vikarudishwa. Hatukuwa na silaha yoyote zaidi ya kusema.

Ninachokitaka ni hiki: dakika za kuzungumza zilizolipiwa zisife. Bando la GB wabishane nalo wenyewe. Kama ni lazima kifurushi kiwe na muda, basi zilizobaki zihamie kifurushi kinachofuata zenyewe, bila mimi kuwahi kununua kabla ya saa fulani ya usiku. Na simu iliyo hewani isikatwe katikati kwa sababu ya saa, iachwe imalizike.

Nimeshapeleka malalamiko kwa kampuni kwa maandishi na nimechukua namba ya kumbukumbu. Wasiponijibu yaeleweke, nakwenda TCRA, na nakala kwa Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano. Nawaomba wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea, Ruangwa, popote: kama umewahi kupoteza dakika hivi, andika hapa ilikuwa kifurushi cha siku, wiki au mwezi, zilibaki dakika ngapi, na ulijibiwa nini. Msiweke namba zenu za simu hadharani. Ujumbe wa muda kuisha msiufute, piga picha ya skrini uutunze, nitauomba kwa faragha niuambatanishe na barua.

Na atakayeandika "piga WhatsApp" aandike pia na jinsi ya kuiweka kwenye kitochi cha mama yangu.