Kufumbua herufi zilizovurugika huku saa ikikimbia

Swali: Wachezaji wenzangu, salaam. Katika kila shindano la Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, nililoshiriki nimekwama pale pale: napata herufi 7 ninazohisi zinaunda neno, nazikodolea macho hadi dakika zangu 25 zinakaribia kwisha, kisha neno lenyewe linanijia mchezo ukiwa umemalizika. Ninyi mnajizoezaje?

Jibu la 1: Ndugu, unapojifunza maneno, yahifadhi kwa herufi zake zilizopangwa kialfabeti. I-K-S-U ikuletee papo hapo siku, kisu na kusi. A-I-L-M ikuletee mali, lima na imla. Mezani nawe panga herufi zako hivyo hivyo, nawe utakuwa unakumbuka jambo unalolijua badala ya kubahatisha upya.

Jibu la 2: Naongeza kwamba kazi kubwa hufanyika zamu moja kabla. Alama 50 za ziada kwa kumaliza herufi zote 7 huwaendea zaidi wale wanaobakiza mchanganyiko mzuri wa irabu na konsonanti, hata ikibidi kuacha alama chache. Ukichezea Kiingereza, tenga kwanza viambishi kama ING, ER au RE, kisha ushughulikie zilizobaki. Usisahau pia kwamba kila dakika inayozidi hukatwa alama 10.

Jibu la 3: Nigel Richards alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza lugha hiyo, kwa kukariri maneno tu. Kariri kila siku, hata maneno 10.