Tupeane uzoefu: Mlioacha kazi za mashirika, au zikawaacha, hapa Mwanza mlivukaje?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza chuo pale SAUT na kaitwa na shirika lisilo la kiserikali (NGO) kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kaniuliza: "Kaka, niingie huko?" Nimeshindwa kumjibu kwa neno moja, ndiyo maana naleta hapa. Ngoja nianze na langu.

Nina miaka tisa kwenye mashirika, mingi kwenye miradi ya VVU mialoni, yaani wavuvi wanakoshushia samaki, kuanzia Magu, Ilemela hadi visiwa vya Ukerewe. Miradi yetu ililipwa na fedha za Marekani, na mwaka wao wa fedha unaisha Septemba 30. Kwa hiyo kila Agosti ofisi nzima inaishi roho juu. Mtu ana kiwanja Buhongwa, ana watoto shuleni, lakini hajui kama Oktoba atakuwa na kazi. Unazoea, na kuzoea kwenyewe ndiko kulikonitisha.

Mwaka 2023 niliacha kazi mkataba ukiwa hai. Nilijikagua nikaona kwamba kwa miaka yote ile najua kujaza takwimu tu. Sijawahi kuandika andiko la mradi, wala kupanga bajeti, wala kukaa na mfadhili uso kwa uso. Gari likiondoka na nembo ikitolewa mlangoni, nabaki na nini? Nikahamia shirika dogo la wenyeji kwa nusu ya mshahara. Mke wangu hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki, kwa sababu nilimwambia nikiwa nimeshasaini. Kama kuna kitu ningekifanya tofauti, ni hicho.

Kule asubuhi unaandika bajeti, mchana uko kwenye pikipiki kuelekea mwaloni, jioni unabembelezana na viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa mialo, wakuruhusu kuongea na wavuvi kabla hawajaingia ziwani. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, ila nimejifunza. Januari 2025 misaada ya nje ya Marekani iliposimamishwa kwa siku 90, wenzangu wa zamani walitumiwa ujumbe wa kusitisha kazi siku chache baadaye. Sisi tulipunguziwa, hatukufungwa. Wala sikuwa nimeona mbele, ningekuwa mwongo nikisema hivyo. Karibuni.

Mdau wa Igoma

Kaka, mimi ni mmoja wa hao waliotumiwa ujumbe. Nilikuwa mshauri nasaha miaka sita. Siku ile nilikaa kwenye kibaraza cha kliniki, wateja wananiuliza "dada, kesho upo?" nami sina jibu.

Ninachotaka kumwambia mdogo wako ni hiki: ajue makaratasi yake. Tulipewa barua tusaini, na ya kwanza ilikuwa imeandikwa kana kwamba tunaondoka kwa hiari. Dada mmoja mwenzetu akakataa, tukarekebishiwa. Ukijiuzulu mwenyewe, fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hulipati. Ukiachishwa, na umechangia angalau miezi 18, unalipwa theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Hiyo theluthi ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba yangu.

Sasa nauza dagaa, nachukua soko la Mwaloni Kirumba. Nachagua waliokaushwa kwenye chanja, maana wa chini wana mchanga na wateja wa siku hizi wanajua. Zamani mshahara ulikuja tarehe 25, sasa unafuata giza: mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa na mzigo unapungua. Niliogopa mno kuanza. Kutembea na beseni mbele ya watu waliozoea kuniona na kitambulisho shingoni kulinichukua wiki tatu kukuzoea.

Mdau wa Nyegezi

Mkuu, hapo kwa mke umenigusa. Naenda kuongea na wangu leo hii kabla sijasaini.

Mdau wa Sengerema

Tusimpe kijana upande mmoja tu. Mimi niliruka nikaanguka. Niliacha ajira nikasajili shirika langu, nikiamini miaka yangu ya fildi inatosha. Cheti nilikipata. Fedha sikupata miaka miwili. Na usajili hauishii kwenye cheti: kila mwaka kuna ada, kuna taarifa ya kazi, kuna hesabu zilizokaguliwa, hata kama akaunti ni tupu. Nilikuwa navuka Kigongo–Busisi kwa kivuko kwenda kuonana na wafadhili mjini, nalipa kwa pesa ya ada za watoto. Siku hizi daraja limefunguliwa, mnavuka kwa dakika chache, mnanikumbusha mbali.

Nilifunga. Nimerudi kuajiriwa. Aruke, lakini awe na akiba ya miezi kadhaa na mtu mmoja walau aliyekubali kumfadhili.

Mdau wa Nansio

Mnaongelea mishahara, sawa, ni haki yenu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mradi ulipoondoka sisi hatukuondoka. Bado wananigongea usiku kuuliza dawa. Nimewapigia wanaokatisha dawa kwa vocha yangu mwenyewe. Huyo kijana akija huku, asije na fulana ya mradi halafu apotee Septemba.

Tumeunda kikundi cha wanawake 12, tunataka kuomba ule mkopo usio na riba, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hatujui kupanga andiko la biashara.

Mleta mada

Dada wa Nansio, hilo naliweza sasa. Jumamosi napanda meli ya asubuhi, na mdogo wangu nakuja naye. Andaeni katiba ya kikundi, muhtasari wa vikao na daftari la michango yenu.