Mafunzo ya walimu kwa njia ya sanaa: tufanyeje yasiishie kwenye kupaka rangi?

Mratibu wa Mafunzo

Habari zenu, walimu wenzangu. Nimekabidhiwa jukumu la kuandaa mafunzo kazini ya siku 6 kwa walimu wa shule za msingi, ili waweze kufundisha hisabati, sayansi na lugha kwa kutumia sanaa. Awamu ya kwanza niliyoisimamia haikuniridhisha. Walimu walichora, waliimba na waliondoka wakiwa na furaha. Lakini nilipowatembelea madarasani baada ya miezi 3, niliwakuta wengi wakiwaelekeza wanafunzi kunakili mchoro kutoka ubaoni na kuupaka rangi, huku somo lenyewe likifundishwa vilevile kama zamani. Mwalimu mmoja wa siku nyingi alinieleza sababu bila kuficha: hajui kuchora, na hataki wanafunzi wake walijue hilo.

Ninaomba ushauri. Je, tuanze na nadharia, au walimu waanze kwa kutenda? Na kazi ya sanaa ipimwe vipi katika somo ambalo mtihani wake hauulizi sanaa?

Mkufunzi wa Ualimu

Ndugu Mratibu, hofu ya mwalimu huyo ndiyo mahali pa kuanzia. Anzeni kwa kutenda, lakini chagueni zoezi ambalo halimdai mtu ustadi wa mkono. Mimi hutumia utaratibu wa kutazama picha uliobuniwa na Abigail Housen na Philip Yenawine, ambao unasimama juu ya maswali matatu tu: kuna nini kinachoendelea katika picha hii, umeona nini hata ukasema hivyo, na kuna nini kingine tunachoweza kukiona. Mwongozaji hasifu wala hasahihishi. Huonyesha kwa kidole kinachotajwa, hurudia hoja kwa maneno yake na kuziunganisha hoja za wasemaji. Walimu hugundua upesi kwamba swali la pili, linalodai ushahidi, linafaa vilevile katika sayansi na katika ufahamu wa kusoma.

Baada ya hapo, kila andalio la somo liwe na malengo mawili, moja la sanaa na moja la somo, na yote mawili yafundishwe kwa dhati. Chukua mfano wa sehemu katika hisabati, yaani nusu, robo na kadhalika. Ukiwapa wanafunzi kipimo cha muziki cha mapigo 4, sauti moja ndefu hukijaza chote, sauti ya mapigo 2 huchukua nusu, na ya pigo 1 huchukua robo. Mwanafunzi anayetunga mdundo wake analazimika kuhakikisha kwamba 1/2 + 1/4 + 1/4 inatimiza kipimo kizima; akikosea, kundi zima likipiga makofi litapishana, na yeye mwenyewe atalisikia kosa kabla ya mwalimu kulitaja. Wimbo wa kukariri jedwali la kuzidisha ni kitu kingine. Unasaidia kumbukumbu, nami siukatazi, lakini hauelezi kuzidisha ni nini, wala haumfundishi mtoto muziki.

Tena, msizifululize siku zote 6. Wapeni walimu siku 2, warudi darasani kwa wiki kadhaa, kisha waje na kazi za wanafunzi wao tuzijadili pamoja. Ziara uliyoifanya baada ya miezi 3 ilikuja wakati mazoea ya zamani yamekwisha kurudi.

Mwalimu wa Sayansi

Ninakubaliana na Mkufunzi, isipokuwa ningependa tusiharakishe kuamini kwamba sanaa ikiingia darasani uelewa unaingia nayo. Niliwahi kuwaigizisha wanafunzi hali tatu za maada: walisimama wakibanana kama chembe za kitu yabisi, wakapishana polepole kama za kimiminika, kisha wakatawanyika chumba kizima kama za gesi. Igizo lilipendeza. Nilipowapa zoezi la kuandika, wengi walieleza kwamba chembe hunenepa zinapopashwa joto, kwa sababu wakati wa kuigiza walikuwa wakitanua mikono yao kila joto lilipoongezeka. Kosa hilo lilitokana na igizo langu mwenyewe.

Tangu hapo, kila baada ya igizo huwauliza ni wapi tulichokiigiza kinafanana na maumbile na ni wapi kinapotosha. Naona swali hili linastahili nusu siku nzima ya mafunzo yenu, kwa maana mwalimu asiyelijua somo lake vizuri hataona upotoshaji huo. Hapo ndipo nadharia inapohitajika, nayo ni nadharia ya somo husika kwanza.

Mkuza Mitaala

Kuhusu upimaji, Elliot Eisner, mtaalamu wa elimu ya sanaa wa Marekani, alieleza zamani kwamba si kila tokeo la kazi ya sanaa linaweza kuandikwa kabla ya kazi kuanza, na mimi huliheshimu wazo hilo ninapoandaa vigezo. Huwashauri walimu wapime mambo machache: rasimu ya kwanza na ya mwisho zilinganishwe, mwanafunzi aeleze uamuzi mmoja alioufanya na sababu yake, kisha dhana ya somo ipimwe kwa swali la kawaida kama lile la mtihani. Uzuri wa mchoro usipewe alama. Kwa viongozi watakaohoji uhalali wa mpango wenu, waonyesheni Ajenda ya Seoul ya mwaka 2010, iliyotokana na mkutano wa UNESCO kuhusu elimu ya sanaa.

Mratibu wa Mafunzo

Nawashukuru sana. Nitazigawa siku katika vipindi vitatu vya siku 2. Mwalimu wa Sayansi, je, igizo la chembe umeliacha, au umelirekebisha?

Mwalimu wa Sayansi

Nimelirekebisha. Sasa kila mwanafunzi hukunja mikono kifuani tangu mwanzo hadi mwisho, na kinachobadilika ni mwendo wake na nafasi iliyopo kati yake na mwenzake.