Wafungwa waruhusiwe kucheza michezo ya mezani ya kuigiza wahusika?

Mtaa wa Pili aliuliza:
Salaam wakuu. Kuna magereza Marekani yanayopiga marufuku michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, hasa Dungeons & Dragons, ule uliotoka mwaka 1974. Kwa asiyeujua: mmoja anaongoza hadithi, wenzake kila mtu anashika mhusika wake, na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umempata adui au umepita patupu. Hakuna fedha mezani. Sasa hoja ya kuukataza ni ipi hasa? Na gereza likikubali, mtu atachezaje wakati dadu zenyewe mara nyingi haziruhusiwi kwa ajili ya kamari?

Kanzu ya Mahakama:
Mkuu, soma hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, Mzunguko wa Saba, Chicago, ya tarehe 25 Januari 2010. Mfungwa wa gereza la Waupun, Wisconsin, alikuwa akiletewa vitabu vya mchezo huu kwa posta tangu 2002 bila tatizo. Ikaja barua isiyo na jina kutoka kwa mfungwa mwingine, ikidai kwamba huyu mwenye vitabu na wenzake watatu wanaunda genge na kuvuta watu. Novemba 2004 selo yake ikapekuliwa. Walichukua vitabu 21, majarida 14 na mswada wa kurasa 96 alioandika kwa mkono, ulimwengu mzima wa hadithi aliojitungia.

Gereza lilikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, mwongoza mchezo anawaelekeza wenzake kama mkubwa wa genge anavyofanya. Ya pili, mchezo unamzamisha mtu katika njozi na kumtoa kwenye urekebishwaji. Mfungwa alileta viapo 15 vya maandishi vya mashahidi, na gereza lenyewe lilikiri kwamba mchezo haujawahi kuzaa genge. Bado akashindwa.

Kilichomwangusha ni kipimo cha hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani, Turner dhidi ya Safley, ya 1987: inatosha katazo liwe na uhusiano wa kimantiki na usalama wa gereza, na mzigo wa kuonyesha kwamba halina ni wa mfungwa. Mashahidi wake waliujua mchezo, lakini hawakuwa wataalamu wa magenge ya gerezani.

Wengi wanaisoma vibaya hukumu hii. Haikusema mchezo ni hatari. Ilisema mkuu wa gereza anayeuogopa hajakosa mantiki. Mkuu mwingine akiuruhusu kesho, hukumu hiyo haimzuii. Na kwa maoni yangu auruhusu: Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, kanuni ya 105, zinataka burudani na shughuli za utamaduni katika kila gereza, na ya 36 inataka nidhamu isiyobana kupita kiasi kinachohitajika kwa usalama.

Funguo Tisa:
Nakubaliana na ruhusa, ila wadau msiidharau hoja ya genge. Hatari haimo kwenye joka wala uchawi, imo kwenye kile kiti cha mwongozaji. Mtu akikikalia miezi sita mfululizo, akaamua nani aingie na mhusika wa nani afe, tena karatasi zote anatunza yeye, huyo ameshakuwa nyapara bila kuteuliwa na yeyote. Hatua inayofuata ni nafasi mezani kulipiwa kwa supu ya tambi au stempu, vitu ambavyo gerezani hutumika kama fedha.

Kwa hiyo kiti kizunguke, tuseme kila baada ya vikao vinne, na aliyetoka asirudi mpaka wote wamepita. Karatasi zikae maktaba au kwa afisa wa burudani. Wachezaji wanne hadi sita. Orodha ya wanaosubiri ibandikwe ukutani, ili nafasi isiwe zawadi ya mtu.

Ramani ndizo huharibu mambo haraka. Mchoro wa ngome wenye kuta, milango na walinzi, ukikutwa kwenye upekuzi, nani ataamini kwamba si mpango wa kutoroka? Elezeni vyumba kwa maneno tu. Vivyo hivyo na maandishi ya lugha za kubuni: askari asichoweza kukisoma atakichukua, na hapo siwezi kumlaumu.

Shupaza Kumi:
Kuhusu dadu: mchezo huu hutumia dadu zenye idadi tofauti za pande, na pakiti moja ya karata inatosha. Kwa dadu ya pande 20, tumia kopa kuanzia ree hadi 10, na shupaza ree hadi 10. Kopa ihesabu kama ilivyo, shupaza ongeza 10. Uru ree hadi 6 ni dadu ya kawaida. Pau ree hadi 10 ni ya pande 10. Ukitaka ya pande 8, ondoa 9 na 10. Ya pande 12: vuta uru moja, kisha vuta moja kwenye fungu la kopa na shupaza, ikija shupaza, ongeza 6.

Mtaa wa Pili:
Asante sana, mkuu. Kila mvuto lazima karata irudi?

Shupaza Kumi:
Lazima, na zichanganywe upya. Ukiiacha nje, ile 20 ikishatoka haitaonekana tena mpaka fungu liishe, na mwenye kumbukumbu ataanza kuhesabu zilizobaki. Hapo ugomvi hauko mbali. Anayevuta asiwe aliyechanganya.

Badala ya karata, wengine hukata duara la kadibodi, robo nne, kila robo vipande vitano vya nyuzi 18, na mshale wa karatasi katikati. Tatizo ni tundu: linapanuka, mshale unalegea na kuegemea upande mmoja. Uzungushe mara 100. Kila namba itegemewe kutokea kama mara 5. Namba moja ikifika 12 au zaidi, rudia jaribio, na ikijirudia ile ile, kata mshale mpya.

Jambo la mwisho, kengele ya kuhesabu wafungwa ikilia katikati ya pambano, msikimbilie kumaliza. Andikeni nyuma ya karatasi ya mwongozaji zamu ni ya nani, kila mhusika amebakiwa na uhai kiasi gani, na adui amesimama wapi. Mstari mmoja kwa kila mtu, kisha kila mmoja aweke saini ya herufi moja pembeni ya mstari wake. Bila saini, kikao kijacho nusu saa itaishia kwenye ubishi wa nani alikuwa hai.