Naomba ushauri: piramidi zangu zinakwama kabla ya kujipanga

Asalamu aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, na kazi hii imeninyima usingizi wiki ya tatu sasa. Naiga kwa kompyuta chembe za koloidi, yaani vipande vidogo sana vinavyoelea ndani ya kimiminika, zenye umbo la piramidi, nyuso nne, zote pembetatu sawa. Hazivutani wala hazisukumani. Sheria ni moja tu, zisiingiliane. Zikibanwa vizuri, entropia peke yake, yaani tabia ya chembe kuelekea hali inayoruhusu njia nyingi zaidi za kukaa na kujongea, inatosha kuzipanga. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa piramidi kama hizi hujipanga zikawa kwazikristali, yaani mpangilio wenye utaratibu lakini usiojirudia. Siku niliyosoma hilo nilimtazama mama akimimina sambusa kwenye sinia, zikalala kila moja na upande wake, nikazidi kustaajabu.

Sasa zangu zinagoma. Nina chembe 512, natumia njia ya Monte Carlo, yaani kuzisogeza kwa bahati nasibu na kukataa mwondoko wowote unaozifanya ziingiliane, naanza zikiwa zimetawanyika halafu napunguza sanduku. Zikishajaza kama asilimia 58 ya nafasi, karibu kila mwondoko unakataliwa na zinabaki shaghalabaghala. Nashuku nabana haraka mno, ila laptopu yangu ni ya kawaida na umeme huku hukatika.

Je, nisimamishe kwenye asilimia 50 hivi niziache siku kadhaa, au 512 ni chache? Na mwenye njia nyepesi ya kukagua kama piramidi mbili zimeingiliana anielekeze tafadhali, maana hapo ndipo muda wangu wote unapoishia.