Mjadala: Tovuti za biashara Mombasa zamwandikia nani, Google au mteja?

Mwanzisha mjadala, Tudor:

Salaam aleikum nyote. Hoja yangu naiweka wazi, anayepinga apinge: tovuti nyingi za biashara zetu hapa Mombasa hazimwambii mteja lolote, na hiyo ndiyo sababu hazionekani Google wala hazileti mauzo.

Tazameni tovuti za nyumba za wageni kuanzia Nyali hadi Shanzu. "Karibu hoteli bora Mombasa. Sisi ndio hoteli bora Mombasa yenye huduma bora Mombasa." Aya nne zimekwisha, na bado hujui kama bombani yatoka maji ya chumvi ama matamu, kama stima ikipotea kuna jenereta, wala anayeshuka treni Miritini usiku na watoto atafikaje. Bei nayo ni "njoo inboksi".

Mtindo huu umeletwa na wale wanaopita madukani wakiahidi "tutakuweka nambari moja". Google yenyewe, katika mwongozo wake kwa wenye tovuti, inasema hakuna awezaye kukudhaminia nafasi ya kwanza. Kurundika neno moja kulifaa zamani. Februari 2011 lilikuja badiliko la Google liitwalo Panda, likazishusha kurasa zisizo na maelezo ya maana na za kunakili. Aprili 2012 ikafuata Penguin, ikawaandama warundika maneno na wanunuzi wa viungo vya tovuti (links). Sisi bado tunauziwa dawa iliyopitwa na wakati, tena kwa bei ghali.

Nasema: andikeni wenyewe mnayoyajua, na kwa Kiswahili pia, na bei muiweke wazi. Mwasemaje?

Mwenye duka, Biashara Street:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Ya hoteli nakubali. Ya bei, sikubali hata kidogo.

Mimi nauza leso. Bei ya doti hubadilika mzigo ukichelewa bandarini ama dola ikipanda. Nikiiandika leo, wiki ijayo mteja anasimama mbele yangu na simu mkononi, "mbona hapa umesema vingine?" Jirani naye akiiona atateremsha shilingi kumi asubuhi hiyo hiyo. Na mwenye harusi anayebeba doti arubaini siwezi kumuuzia sawa na anayechukua moja. Watu hapa hupatana, ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya. Anayetaka bei nambari yangu ya WhatsApp iko pale. Tena wengi hunijua kwa TikTok, hiyo Google hawaifikii.

Mwanzisha mjadala:

Mzee wangu, shikamoo. Kupatana sikukatazi. Lakini mteja aliye Nairobi ama Muscat, saa sita ya usiku, hana wa kupatana naye. Akikosa bei anafungua duka jingine, na wewe hutajua kamwe kwamba alipita. Andika "kuanzia" kisha bei, na tarehe uliyoiandika. Atakayekuja na simu mkononi utamwonyesha tarehe.

Na mbona hukugusa lile lililo kubwa zaidi kwako? Leso hutafutwa kwa jina lake. Kuna mtu alimwona mamake na leso fulani, anakumbuka nusu ya maneno, anayaandika Google. Wewe umeweka picha nzuri na chini yake "leso mpya zimefika". Jina limebaki ndani ya picha, na Google inashauri maneno muhimu yawe maandishi, yasiachwe pichani. Liandike jina zima chini ya kila picha. Sema ni kisutu, ile leso ya harusi, ama siyo, ni pamba tupu ama imechanganywa, na kwamba doti inauzwa haijakatwa wala kupindwa, maana mgeni hajui hilo. Ikiwa ni ya Mali ya Abdulla, iandike, kwa kuwa wako wanaoitafuta kwa chapa hiyo. Maelezo hayo hakuna wakala wa kukuandikia. Unayajua wewe. Mwisho wa 2022 Google iliongeza uzoefu wa mwandishi katika vigezo wanavyopewa wakaguzi wake wa ubora. Uzoefu wa leso unao wewe, mzee wangu, miaka na miaka.

Mwandishi wa kulipwa, Kisauni:

Naomba na sisi tusikizwe. Naandikia hizo hoteli. Mteja anataka maneno elfu mbili, anasema Google inapenda ndefu, na analipa kwa idadi ya maneno. Hotelini kwenyewe sijawahi kualikwa hata nione chumba. Nikiuliza maji yakoje, jibu ni "andika tu vizuri". Sasa wamenigeukia wanataka kurasa hamsini kwa akili unde (AI), moja ya kila mtaa. Hivi akili unde inaadhibiwa ama haiadhibiwi?

Mwanzisha mjadala:

Dada, Google imeshasema haina kiwango cha chini cha maneno. Kuhusu akili unde, Februari 2023 ilieleza kwamba inaangalia ubora, si chombo kilichotumika. Lakini Machi 2024 iliweka wazi kwamba kurasa zinazofyatuliwa kwa wingi ili kupanda tu kwenye matokeo ya utafutaji ni hila, ziwe zimeandikwa na mtu ama mashine. Kurasa hamsini zinazotofautiana jina la mtaa tu ziko humo moja kwa moja. Mwambie mteja wako hivyo, na umdai siku moja ya kukaa mapokezi usikilize wageni wanauliza nini. Hiyo siku uilipishe.

Mwongoza wageni, Mji wa Kale:

Naunga mkono nusu. Kila tovuti ya Fort Jesus ina aya ile ile: Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, UNESCO ikaiorodhesha 2011. Ni kweli tupu, ila mgeni ameshaisoma kabla hajapanda ndege. Mimi huulizwa jua huwa kali saa ngapi, avae nini tukipita karibu na misikiti, mama yake mzee ataweza kutembea Ndia Kuu ama vipi. Nilipoyaandika hayo, wanaonipigia huwa wameshaamua, kinachobaki ni tarehe. Lakini Kiswahili, kaka, hakiniletei shilingi. Wageni wangu ni Wajerumani na Waitaliano.

Mwanzisha mjadala:

Wako ni hao, sawa. Lakini Desemba na Pasaka mji huu hujaa watu wa bara, na Watanzania pia huja. Ukurasa mmoja wa Kiswahili safi hauna washindani wengi. Kiingereza cha "hoteli bora" kina maelfu. Sikuambii uache Kijerumani.

Mwenye duka, Biashara Street:

Marahaba, mwanangu, nilisahau kukuitikia. Leso za kawaida nitaandika "kuanzia". Kisutu na mizigo ya harusi bado ni kupatana, hapo sibanduki hata mkinisema vipi. Lakini niambie: majina ya leso huchapwa kwa herufi kubwa tupu. Niyaandike hivyo hivyo?

Mwanzisha mjadala:

Yaandike kwa herufi za kawaida, husomeka vizuri zaidi simuni. Google haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Ila usikosee hata neno moja la jina. Ya kisutu tutabishana tena, sijakubali.